Farasi, Punda na Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu

Kila asubuhi katika mitaa ya Kata ya Kambarage, punda hupita akivuta mkokoteni wa maji, mchanga au magunia ya mpunga. Kwa wakazi wengi wa Shinyanga mnyama huyu ni nguvukazi tu, na wahenga wamemwachia sifa mbaya waliposema kuwa shukrani ya punda ni mateke. Hata hivyo, katika nchi kadhaa punda na ndugu yake farasi wamepewa kazi nyingine, nayo ni kuwasaidia watoto wenye ulemavu kukaa wima, kutembea na kuwasiliana na wenzao. Makala hii inaeleza tiba hiyo inavyofanya kazi, na ni sehemu gani yake inayoweza kumfaa mzazi wa kata hii.

Ilikoanzia

Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Helsinki, mwanamke wa Denmark aitwaye Lis Hartel alitwaa medali ya fedha katika mashindano ya farasi. Polio ilikuwa imempooza miguu kuanzia magotini, hata ilimlazimu kusaidiwa kupanda na kushuka. Ushindi wake uliwafungua macho wataalamu wa mazoezi ya viungo barani Ulaya. Mwaka 1969 Uingereza ikapata chama cha kuwafundisha watu wenye ulemavu kupanda farasi, na katika miaka ya 1970 Elisabeth Svendsen, mtetezi wa punda nchini humo, akaanza kuwatumia punda kwa watoto wenye mahitaji maalumu.

Inavyofanya kazi

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huwa na misuli iliyokaza kupita kiasi au iliyolegea. Farasi anapotembea polepole, mgongo wake huisukuma nyonga ya mtoto mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kuizungusha kidogo, karibu sawasawa na nyonga ya mtu anayetembea kwa miguu yake. Misukumo hiyo hufikia takribani 100 kwa dakika. Kwa nusu saa, mwili wa mtoto hujirekebisha mara 3,000 hivi ili usianguke, naye hafahamu kuwa yumo mazoezini.

Utafiti uliofanywa Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2015 uliwahusisha watoto 92 wenye mtindio wa ubongo. Baada ya wiki nane, waliopandishwa farasi walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kumudu viungo na kutunza mizani ya mwili kuliko wale waliofanya mazoezi ya nyumbani.

Kwa mtoto mwenye usonji, manufaa hupitia njia nyingine. Mnyama hasemi maneno mengi kwa wakati mmoja, hakasirikii ukimya, na hujibu jambo lile lile kwa namna ile ile. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliofanyika Colorado nchini Marekani, uliwagawa watoto na vijana 116 wenye usonji katika makundi mawili: kundi moja lilipanda farasi kwa wiki 10, na jingine lilifundishwa habari za farasi bila kumgusa. Kundi la kwanza lilipungukiwa na hasira na mahangaiko, na likaongeza idadi ya maneno linayotamka.

Ni muhimu ieleweke kuwa tiba hii haiponyi mtindio wa ubongo wala usonji. Inaongeza nguvu kwa mazoezi ya viungo na mafunzo mengine, wala haichukui nafasi yake.

Kwa nini punda

Farasi hawajastawi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kwa sababu ya magonjwa yanayoenezwa na wadudu, ukiwemo ule unaosababishwa na mbung'o. Punda ni mwenyeji. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2022 ulionesha kuwa punda wote duniani wanatokana na wale waliofugwa kwanza barani Afrika, miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Ni mfupi, hatua zake ni za taratibu, na anapoogopa mara nyingi husimama kuliko kutimka mbio. Hizo ni sifa zinazomfaa mtoto.

Lakini punda anayepigwa, mwenye vidonda vya nira au aliyechoshwa na mizigo hafai kukaribiwa na mtoto. Mateke yanayotajwa katika methali mara nyingi huwa ya mnyama aliyeumizwa.

Mzazi aanzie wapi

Kumpandisha mtoto juu ya punda bila ushauri wa mtaalamu ni hatari. Asipandishwe mtoto ambaye kifafa chake hakijadhibitiwa, ambaye nyonga yake imeteguka, wala mwenye ugonjwa wa Down ambaye shingo yake haijachunguzwa. Mtaalamu wa fiziotherapia akiridhia, mtoto avalishwe kofia ngumu, mtu mzima mmoja amwongoze punda, na mwingine atembee kando akimshika mtoto.

Yapo mengi yanayowezekana bila kupanda. Mtoto anaweza kumsugua punda kwa brashi, jambo linalonyoosha vidole vilivyokakamaa. Anaweza kumpelekea majani kwa saa ile ile kila siku, au kushika kamba pamoja na mzazi na kutembea naye hatua chache. Asimame daima ubavuni karibu na bega la punda, kamwe si nyuma yake. Kwa kuwa vijidudu vya pepopunda hupatikana katika kinyesi cha wanyama na udongo, chanjo za mtoto ziwe kamili, kila jeraha lisafishwe mara moja, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kabla ya hayo yote, ni lazima tatizo litambuliwe mapema. Mtoto ambaye hajakaza shingo akiwa na miezi minne, hajakaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, au hajatembea akiwa na miezi 18, apelekwe kliniki bila kusubiri. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuielekeza familia kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na afisa elimu kata humsaidia mzazi kupata shule inayofaa. Katika Manispaa ya Shinyanga ipo Shule ya Msingi Buhangija Jumuishi, inayopokea watoto wenye ulemavu wa kuona, wa kusikia na wenye ualbino. Afisa mifugo ndiye wa kuthibitisha afya ya punda.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kupata matibabu, utengemao na elimu. Haki hiyo haimfikii mtoto aliyefichwa chumbani. Huenda safari yake ya kwanza ikawa fupi tu, kutoka mlangoni hadi alipofungwa punda uani, akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Safari ya pili iwe ya kwenda kliniki.