USALAMA NA AFYA: MAKALA YA MBABULA NA MVUA YA SHAMBA

Wafanyakazi na mama wa nyumba, kila siku tunawasha mbabula. Makala yake yanatoka wapi, na yanaacha nini nyuma?

Mji wa Lubumbashi ulipoanzishwa, mwaka 1910, pori la miombo lilikuwa karibu. Leo makala yanatoka mbali, kwa lori na kwa baiskeli. Tanuru la udongo linakula miti mingi: kwa kilo 100 za miti mikavu, mara nyingi tunapata kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Nyingi ya zile zinazobaki zinakwenda na moshi.

Moshi huo unaingia hewani na kuongeza joto la dunia. Mwaka 2019, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaochunguza hali ya hewa walieleza kwamba kilimo, ukataji wa miti na matumizi mengine ya ardhi huleta karibu 23% ya gesi za joto zinazotolewa na watu. Sehemu kubwa zaidi inatoka katika makaa ya mawe, petroli na gesi, hasa katika nchi zenye viwanda vingi. Lakini hasara inafika kwetu pia.

Tuangalie jirani zetu wa Zambia. Mwaka 2024 mvua ilikosekana, mahindi yakakauka, na maji ya Kariba yakapungua hata umeme ukakatwa saa nyingi kila siku. Katanga hununua unga na umeme kutoka Zambia. Mahindi yakikosekana kule, bukari inapanda bei huku. Umeme ukikosekana, kila nyumba inarudi kwenye mbabula, na miti inakatwa tena. Udongo uliobaki wazi hauwezi kushika maji: mvua inausukuma mpaka mtoni.

Basi tufanye nini?

Porini: ukikata mti wa miombo, using'oe kisiki, maana kitachipua. Linda machipukizi na moto. Moto wa Septemba na Oktoba, majani yakiwa makavu kabisa, ndio unaoyaua.

Jikoni: loweka maharagwe usiku, funika chungu, tumia mbabula yenye udongo ndani, na zima makala yaliyobaki.

Chumbani: usilale kamwe na mbabula inayowaka, hata wakati wa baridi ya Juni. Gesi yake haina harufu, nayo inaua. Kichwa kikiuma, mwili ukilegea, fungua mlango, toa watu wote nje na uwapeleke hospitali bila kukawia.

Baba, mama, fanyeni hesabu hii: kilo moja ya makala inayobaki katika mfuko ni kilo tano mpaka kumi za miti zinazobaki porini. Na ni franka zinazobaki nyumbani.