Mikopo ya asilimia mbili isifunike ajira za asilimia tatu

Muulize diwani yeyote wa Tanzania halmashauri yake inawafanyia nini watu wenye ulemavu, atakutajia asilimia mbili. Hilo ndilo fungu lao katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, wanawake wakipata nne na vijana nne. Asilimia tatu husikika kwa nadra. Imo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe wenye ulemavu hawapungui asilimia tatu ya wafanyakazi wake. Kwa wafanyakazi 20 hesabu inaleta kipande cha mtu, lakini sheria ikishasema wasipungue, mwajiri huyo anadaiwa mtu mmoja mzima. Serikali nayo ni mwajiri, tena mkubwa.

Mikopo hiyo ina faida zake. Tatizo ni kuifanya iwe jibu la kila swali. Mkopo unamtaka mtu asiyeona au asiyesikia aunde kikundi, aandike andiko la mradi, atafute wateja kisha arejeshe fedha kwa wakati. Hatari yote anaibeba mwenye akiba ndogo kuliko wote. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kufichua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, na waliokuwa wakilipa vizuri wakasubiri pamoja na walaghai. Ajira ni tofauti: mshahara una mchango wa pensheni ndani yake. Meza ya biashara mtaani haina. Na si kila mtu amezaliwa mfanyabiashara, awe na ulemavu au asiwe nao.

Waajiri hujibu kwamba wenye sifa hawapatikani. Kuna ukweli hapo, maana wengi waliacha masomo njiani kwa kukosa mkalimani wa lugha ya alama au shule inayofikika kwa kiti cha magurudumu. Lakini Chuo cha Yombo, Dar es Salaam, kinawafundisha ufundi watu wenye ulemavu, na kazi za mapokezi, ufungashaji au kupokea simu hazihitaji shahada. Hoja ya gharama ni nzito zaidi: njia mteremko na programu ya kusomea kompyuta kwa sauti hugharimu fedha. Ujerumani wana kiwango kilekile cha wafanyakazi 20, ila wao wanadai asilimia tano, na asiyetimiza hulipa tozo kwa kila nafasi iliyopungua. Fedha hizo husaidia kurekebisha sehemu za kazi za wale wanaoajiri. Japani wana utaratibu unaofanana nao. Mtu atasema matajiri watalipa tu ili wasiajiri. Wapo wanaofanya hivyo Ujerumani, lakini angalau wanalipa. Kwetu asiyeajiri haajiri wala halipi tozo ya namna hiyo. Tukiianzisha, kuikusanya hakutahitaji ofisi mpya, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) tayari inapokea tozo ya ufundi stadi, SDL, kutoka kwa waajiri.

Wabunge wasisubiri sheria nyingine ndipo waanze. Katika bajeti ijayo waitake kila wizara na kila shirika la umma lisome ndani ya Bunge idadi mbili: wafanyakazi wake wote, na wenye ulemavu miongoni mwao. Sekta binafsi ifuate baada ya hapo.