Upanga wenye herufi D: mtaji na faida ndani ya Elden Ring



Leo naleta mada ambayo baadhi yenu mtasema huyu mzee ameanza kurudi utotoni. Ni gemu. Elden Ring, lile la kampuni ya FromSoftware ya Japani lililotoka Februari 2022. Nalicheza na kijana wangu wa miaka 17, kazaliwa huku huku Uingereza. Kiswahili anakielewa vizuri tu, ila ukimwuliza jambo anakujibu Kiingereza. Basi tuliwekeana sharti: tukishika pedi, Kiingereza kinabaki nje ya mlango.

Siku moja akaniuliza, "Baba, hii D kwenye upanga maana yake nini?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, na nikamjibu vibaya. Akafuata ushauri wangu, akapigwa karibu wiki mbili mfululizo, mpaka akasema anaacha. Na mimi najua, gemu likiachwa na yale mazungumzo yetu yameachwa. Ndipo nikakaa chini nikajifunza. Haya ndiyo niliyoyapata, huenda yakamfaa mwenzangu mwenye kijana kama wangu.

Kosa langu lilikuwa hili. Anatumia upanga uitwao Claymore. Nikaona una herufi D upande wa Strength, yaani nguvu, nikamwambia, "Tia pointi zako zote kwenye nguvu, upanga utakuwa mkali." Akafikisha nguvu 40, na upanga haujafuliwa hata mara moja! Anampiga adui mapigo ishirini, adui anamrudishia mawili tu, chali.

Sasa sikilizeni. Herufi ile ni kiwango cha faida. Fungueni ukurasa wa silaha mtaona nguvu ya pigo imeandikwa namba mbili zenye alama ya kujumlisha katikati. Namba ya kwanza ni mtaji, yaani pigo la chuma chenyewe. Ya pili ni faida inayotokana na mwili wako. Faida inahesabiwa kwa asilimia ya mtaji. S ndiyo kubwa, kisha A, B, C, D, na E ya mwisho. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua: kiwango kizuri cha faida juu ya mtaji wa shilingi mia ni pesa ya karanga.

Mtaji wa Claymore ukiuokota ni 138. Ukifuliwa mpaka mwisho, +25, mtaji peke yake unafika 338, na hapo hujaongeza hata pointi moja mwilini. Na kiwango cha faida nacho kinapanda kila unapofua. Kwa hiyo kufua kunakuza vyote viwili, ila kuongeza nguvu kunakuza kimoja tu. (Kijana alicheka sana nilipomwambia "kufua upanga", akadhani tunauosha kama shati. Ikabidi nimweleze habari za wahunzi, na hilo nalo likawa somo.)

Basi utaratibu wetu sasa ni huu:

1. Fua kwanza. Tanuri ya kanisa la Elleh inakufikisha +3, baada ya hapo unamwendea mhunzi Hewg kule Roundtable Hold. Silaha za kawaida zina daraja nane za mawe. Kila daraja inakupa hatua tatu, kwa mawe 2, kisha 4, kisha 6. Jumla ni mawe 96, na jiwe moja la joka la kale kwa hatua ya 25. Kwa hiyo chagua upanga mmoja ukae nao, usifue vitano nusu nusu. Silaha za pekee zinatumia mawe yake maalumu, moja kila hatua, na zinaishia +10. Ukitaka kulinganisha, zidisha mara mbili na nusu: +4 ya pekee ni kama +10 ya kawaida.

2. Timiza masharti ya silaha, basi. Claymore inadai nguvu 16 na wepesi 13. Tena ukiishika kwa mikono miwili nguvu yako inahesabiwa mara moja na nusu, hivyo hata mwenye 11 anaiweza.

3. Kisha uhai, ule ulioandikwa Vigor. Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Vigor 10 inakupa uhai 414, 40 inakupa 1,450, na 60 inakupa 1,900. Baada ya hapo usihangaike, maana mpaka 99 unapata 2,100 tu. Pointi 39 kwa uhai 200, hiyo biashara gani jamani?

4. Nguvu au wepesi vifuate. Navyo vina mwisho wake: ukipita 60 mwendo unapungua, ukipita 80 ni kidogo mno. Anayetumia mikono miwili akifika 54 anahesabiwa 81, atosheke.

Kuna na suala la kubadili tabia ya upanga. Ukiupa tabia ya Heavy, yaani uzito, mtaji unashuka kidogo, faida ya nguvu inapanda, na faida ya wepesi inaondoka kabisa. Inamfaa aliyekwisha jenga mwili. Kifaa chake, Iron Whetblade, kiko ndani ya ngome ya Stormveil. Ukiupa moto ni kinyume: mtaji mkubwa, faida ndogo, unamfaa anayeanza. Lakini angalieni, jumla inayoonekana kwenye kioo inadanganya. Pigo la chuma na pigo la moto kila moja linakatwa na kinga yake kwa adui, ni kama mzigo mmoja kulipiwa ushuru bandari mbili.

Na aliyekosea kama sisi asikate tamaa. Ukimshinda Rennala kule Raya Lucaria, anakuruhusu kupanga upya pointi zote, ukiwa na kitu kiitwacho Larval Tear. Hayapatikani mengi, yatumieni kwa akili.

Sisi hatukusubiri huko. Tulirudi mashimoni kuokota mawe jioni mbili, tukaufua ule ule Claymore. Jumamosi akamwangusha yule bwana mwenye mikono mingi wa Stormveil. Akaruka juu akapiga kelele, "Baba, mtaji umekubali!" Mama yake jikoni akauliza kuna nini.

Alisema kwa Kiswahili, bila kukumbushwa.

Nawasilisha.