Safari ya Maji kutoka Chemchemini hadi Kikombeni

Katika milima ya Burundi wananchi wengi hawaishi katika vijiji vilivyokusanywa mahali pamoja. Kila jamaa hujenga nyumba yake mtelemkoni, ikizungukwa na migomba, nayo maji hupatikana chini bondeni, pale chemchemi inapochipuka. Kwa hiyo karibu kila tone linywewalo nyumbani limepandishwa mlima kichwani mwa mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mama au mtoto. Dumu la lita 20, ambalo wengi huliita bidoni, likijaa lina uzito wa kilo 20. Jamaa ya watu sita, ikiwa kila mmoja atapata lita 20 kwa siku za kunywa, kupikia na kunawia, itahitaji madumu sita kila siku. Ni nani awezaye kuupanda mlima mara sita na bado akalima, akapika na kulea?

Hivyo maji hupimwa kwa ubahili. Ya kunywa hayapunguzwi, ya kupikia maharage hayapunguzwi. Yanayopunguzwa kwanza ni yale ya kunawa mikono. Mwenye kutaka kuelewa kwa nini kuharisha hakuishi vijijini na aanzie hapo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2024 kwamba kuharisha huua watoto zaidi ya 440,000 walio chini ya umri wa miaka mitano kila mwaka duniani. Mtoto mchanga hana akiba kubwa ya maji mwilini; akiharisha na kutapika tangu asubuhi, jioni huweza kuwa amelegea, macho yameingia ndani, na machozi hayatoki hata akilia.

Chemchemi isiyojengewa huonekana safi machoni, lakini ni kidimbwi kilicho wazi. Mvua inyeshapo, maji ya mtelemko huteremka na kinyesi cha watu na cha wanyama, yakaingia humo. Ng'ombe hunywa upande mmoja, mtoto huchota upande wa pili akiwa amesimama majini kwa miguu yake. Dawa ya jambo hili inajulikana, wala haihitaji mtambo. Mafundi huchimba kurudi nyuma hadi walione jicho la maji lenyewe, mahali yatokapo ardhini. Hujenga ukuta wa mawe na saruji mbele yake, hujaza mawe na kokoto nyuma ya ukuta, kisha hufunika juu kwa udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri ili maji ya mvua yasipenye. Bomba fupi hupitishwa ukutani, nalo humimina maji moja kwa moja ndani ya dumu. Juu ya chemchemi huchimbwa mfereji wa kukinga maji ya mvua, na uzio huwekwa ili mifugo isikaribie. Choo hakijengwi upande wa juu karibu na hapo. Umbali wa mita 30 huhesabiwa kuwa mdogo kabisa, na penye udongo upitishao maji upesi yafaa uzidishwe.

Je, kazi hiyo ikishatimia, mambo yamekwisha? Jibu la swali hili lilipatikana katika nchi ya Kenya. Katika sehemu za Busia, magharibi mwa nchi hiyo, karibu chemchemi 200 zilichunguzwa na kundi la wataalamu, miongoni mwao Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Chemchemi hizo zilijengewa kwa awamu, ili zilizokwisha jengewa zilinganishwe na zile zilizongoja zamu yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Penye bomba la chemchemi, vijidudu vitokanavyo na kinyesi vilipungua kwa asilimia 66. Kuharisha kwa watoto wadogo kulipungua kwa kiasi cha robo, na hilo si jambo dogo kwa mzazi yeyote. Lakini maji yalipopimwa majumbani, ndani ya vyombo vya akiba, uchafu ulikuwa umepungua kwa asilimia 24 tu. Sababu moja ni kwamba baadhi ya kaya huchota pia penginepo. Sababu nyingine ni kwamba sehemu ya faida iliyopatikana bondeni ilipotea katika safari na ndani ya nyumba.

Jambo hilo latakiwa kuwashtua wale wanaodhani kwamba kazi huisha siku ya kuzindua chemchemi. Siku hiyo huwa na ngoma na hotuba, wakubwa huonja maji kwa bilauri iliyong'arishwa, kisha magari huondoka. Hakuna mgeni apandaye mlima kwenda kuutazama mtungi.

Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, walimohifadhiwa wakimbizi kutoka Msumbiji, wachunguzi waliyafuata maji kutoka kisimani hadi majumbani. Waliona kwamba yalitoka kisimani yakiwa karibu safi kabisa, yakachafuka upesi yalipotiwa ndooni, hasa kwa mikono ya watu. Mwanamke aliisuuza ndoo kwa kuisugua na kiganja, akaijaza. Nyumbani kila mwenye kiu alitumbukiza kikombe, na vidole pamoja nacho. Baadhi ya kaya zikapewa ndoo za namna nyingine, zenye mfuniko wenye tundu jembamba lisilopitisha mkono, na mdomo wa kumiminia. Katika maji ya kaya hizo vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa asilimia 69, na kuharisha kwa watoto walio chini ya miaka mitano kulipungua kwa asilimia 31. Si dawa wala mashine iliyoleta tofauti hiyo, bali umbo la ndoo.

Mama mwenye nyumba hahitaji kungoja ndoo ya namna hiyo iletwe. Dumu la kawaida lina mdomo mwembamba, nalo ni chombo bora kuliko ndoo iliyo wazi, mradi lisafishwe ndani. Kwa kuwa mkono hauingii, utelezi wa kijani hujengeka humo pole pole. Hutolewa kwa kutia kokoto ndogo safi na maji kidogo yenye sabuni, kulitikisa kwa nguvu, kisha kulisuuza. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mimea au mafuta ya gari lisitumiwe kabisa kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi. Wale wanaopenda mtungi wa udongo kwa ubaridi wake wana haki ya kuupenda. Lakini uwe na kifuniko, na kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu, itundikwe ukutani, isilazwe chini wala kupewa mtoto aichezee.

Maji yasiyoaminika huchemshwa. Yakishatokota kwa nguvu, dakika moja yatosha. Katika milima inayopita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama ile iliyoko magharibi mwa nchi ya Burundi, yaachwe dakika tatu, kwani huko juu maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Ni kweli kwamba kuni ni ghali na huchosha kuzitafuta. Penye dawa ya klorini, kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa kwenye chupa, maji yakae nusu saa kabla ya kunywewa. Asiye na kuni wala klorini aweza kulitumia jua: maji meupe yasiyo na tope hutiwa katika chupa za plastiki zionyeshazo ndani, zisizozidi lita mbili, zikalazwa juani saa sita, siku za mawingu, huachwa siku mbili mfululizo.

Wakazi wa pwani ya Ziwa Tanganyika wana shida ya namna nyingine. Wao hawapandi mlima. Maji yako mlangoni, nayo ndiyo hatari. Kipindupindu kiliingia Burundi mwaka 1978, na tangu hapo kimerudi mara kwa mara katika nchi tambarare za ukingo wa ziwa. Uchunguzi uliofanywa Rumonge baada ya mlipuko wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kunywa maji ya ziwa, na hata kuoga humo, kulimweka mtu karibu zaidi na ugonjwa huo. Huko Bangladesh, mwaka 2003, ilitangazwa kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa nguo kuukuu ya pamba ya sari, iliyokunjwa mara nne au zaidi, vilipunguza kipindupindu karibu kwa nusu, kwa sababu vijidudu vyake hujishika katika viumbe vidogo vya majini vinavyonaswa na nguo. Nguo mpya haifai sana. Iliyofuliwa mara nyingi ndiyo iliyoziba matundu. Hata hivyo, kuchuja si badala ya kuchemsha.

Choo nacho ni sehemu ya safari ya maji, ingawa watu hawapendi kuvitaja viwili hivi pamoja. Wengi huchukia choo cha shimo kwa sababu ya harufu na inzi, nao wana haki. Katika miaka ya 1970 Zimbabwe ilianza kujenga choo cha aina ya Blair, chenye bomba refu la hewa linalotoka shimoni hadi juu ya paa, likiwa limefungwa wavu kileleni. Upepo upitao juu huivuta harufu ipande bombani. Chumba huachwa na giza. Inzi aliye shimoni huuona mwanga wa bomba peke yake, huufuata, hunaswa chini ya wavu na kufa. Akijengewa dirisha kubwa mlangoni, kwa kutaka kupendezesha, choo hicho huharibika kazi yake.

Kamati za maji za vilimani aghalabu hujaa wanaume, ambao hawabebi dumu. Ni wao wanaopanga saa ya kufungua uzio na mahali pa kuweka ngazi za mawe, na ni wake zao wanaoteleza. Mahali penye akina mama kamatini, swali la kwanza huwa ni lile la mawe ya kutua mzigo, ili dumu linyanyuliwe kichwani bila kuumiza mgongo.

Mwisho ni mikono. Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu dogo la lita tano: hutobolewa tundu karibu na mdomo kwa msumari uliotiwa motoni, hutundikwa mtini kando ya choo, na kamba hufungwa mdomoni ikishuka hadi kijiti kinachokanyagwa kwa mguu. Dumu huinama, maji huchirizika, na mkono mchafu hauligusi. Sabuni hutobolewa na kufungwa kwa kamba ubavuni. Isipokuwapo, majivu ya jikoni yaliyochekechwa huwekwa katika kopo lenye mfuniko. Maji yatumikayo kwa kunawa namna hii ni kidogo mno, hata lita tano hutosha watu wengi, na yule aliyeyapandisha mlimani hatakasirika.