Ada ya kesi ya shamba: siku unayolipa ndiyo siku uliyofungua

Msimu ukikaribia, simu zangu hubadilika. Badala ya kuulizwa mbegu ya Saro au mbolea ya kukuzia, naulizwa: "Bwana shamba, kufungua kesi ya shamba ni shilingi ngapi?" Mimi si wakili, ila mgogoro wa jaruba ukikukuta msimu umeanza unakula mtaji kuliko ndege na panya. Kwa hiyo leo mbolea tuiache kidogo.

Kabla ya kufikiria ada, anza kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena shamba ni la nani, linasuluhisha tu. Ukisikia mtu anajigamba ameshinda kesi ya shamba kata juzi, muulize vizuri. Lakini kuliruka pia huwezi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi mgogoro wa umiliki mpaka kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Zikipita siku 30 tangu upeleke malalamiko bila suluhu, sheria inakuruhusu kwenda wilayani hata bila uthibitisho huo. Sasa hizo siku 30 utazithibitishaje kama ulienda kwa maneno matupu? Peleka barua, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, nawe ubaki na nakala.

Anayeruka hatua hii analipa ada wilayani, anapanda gari mara nne, mwisho shauri linaondolewa kwa sababu limefika kabla ya wakati wake. Akirudi ni shauri jipya, na ada anatoa tena. Hapo ndipo ada inapouma, wala si ile ya mara ya kwanza.

Ukifika wilayani, maombi yako yataje shamba liko wapi na lina thamani gani. Thamani usiipachike kichwani tu. Baraza linasikiliza madai ya kurudishiwa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Ikizidi hapo ni Mahakama Kuu. Kiasi cha ada ulizia masijala, achana na namba za vijiweni. Ada ya serikali hailipwi mkononi: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unatunza risiti. Itunze kweli, maana ukishinda na kupewa gharama za kesi, hiyo ndiyo ushahidi wako.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Mahakama ya Rufani ilishaamua, uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1992, kwamba tarehe ya kufungua shauri ni tarehe ya kulipa ada, si tarehe karatasi zako zilipopokelewa. Na sheria ina saa yake. Kudai ardhi una miaka 12. Kukata rufaa kutoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu una siku 45.

Chukua mfano. Hukumu imetoka tarehe 1 Juni, mpunga ndio unavunwa. Siku 45 zinaishia tarehe 16 Julai. Umepeleka karatasi tarehe 14, ukasema ada nitalipa nikishauza gunia kadhaa, bei ikae sawa kwanza. Ukalipa tarehe 20. Umechelewa, hata kama karatasi zilikuwa mezani mapema. Itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya msingi, na "nilikuwa nasubiri bei ya mpunga ipande" sikushauri uende nayo. Tenga hela ya ada kabla hukumu haijasomwa, kama unavyotenga ya kuvuruga.

Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba asamehewe ada, ila lazima aombe na aonyeshe hali yake. Pia kuna watoa msaada wa kisheria wasiotoza malipo, chini ya sheria ya mwaka 2017. Wao watakuandikia na kukuelekeza. Ada ni jambo jingine.

Kama unayemdai ni kijiji, halmashauri au serikali, njia ni nyingine: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Hapa Mbarali hilo si la mbali, maana Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008 la mipaka ya Hifadhi ya Ruaha liligusa vijiji vyetu.

Mnaokodi, nanyi hamjapona. Ndugu wa mwenye shamba wakifungua kesi wanaweza kuomba zuio la muda, mkasimamishwa wote huku miche ikipitiliza kitaluni. Kabla ya kutoa hela ya kukodi, muulize mtendaji na majirani wa mpakani kama eneo lina shauri kata au wilayani. Mkataba uwe wa maandishi, mwenzi wa mwenye shamba asaini, na muandike kabisa: zuio likitoka kabla ya kupandikiza, kodi inarudishwa yote, na ndani ya siku ngapi.