Hedfoni jozi mbili, pesa za jozi moja

HEBU tuseme, msomaji, kwamba umeweka akiba kidogo kidogo kwa miezi kadhaa na sasa unataka kununua hedfoni za maana. Sizungumzii zile nyuzi zinazouzwa kando ya kituo cha matatu, ambazo sikio moja hufa kabla mwezi haujaisha. Nazungumzia kifaa cha kukaa nacho miaka kumi. Nyumbani mwako kuna mama apendaye taarabu, kuna kijana asiyetaka kusikia lolote isipokuwa rapu, na kuna wewe mwenyewe ambaye rumba ikianza huitiki ukiitwa. Je, utachagua vipi?

Swali hili lilinifika mimi binti yangu alipopata nafasi katika chuo kikuu. Nilikuwa nimemwahidi zawadi, na zawadi aliyoitaka ni hedfoni. Baada ya kuulizauliza nilibaki na majina mawili: Sony MDR-7506 na Sennheiser HD 600. Rafiki yangu mmoja, fundi wa studio, anazo za kwanza. Mwingine, mwalimu wa kwaya, anazo za pili. Wote wawili waliniazima kwa juma zima. Huo ni uungwana usiopatikana dukani. Duka moja nililoingia katikati ya jiji niliomba kuzijaribu kwa wimbo mmoja tu, kijana wa kaunta akaniambia, “Mzee, ukifungua boksi umenunua.”

Hizi si bidhaa za juzi. MDR-7506 zilitoka mwaka wa 1991 na zimezoeleka studioni na katika vyumba vya redio kiasi kwamba ule utepe wake wa buluu hutambulika kwa mbali. HD 600 zilifuata mwaka wa 1997, kazi ya kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka wa 1945 karibu na Hannover. Mwaka wa 2022 biashara yake ya hedfoni za wateja wa kawaida ilichukuliwa na Sonova ya Uswisi, lakini HD 600 ziliendelea kuuzwa. Katika biashara hii ambamo kila mwaka huleta toleo jipya, kifaa kinachonunuliwa kwa zaidi ya miaka 25 kina jambo lake.

Tofauti kubwa kati yao utaiona kwa macho kabla ya kusikia chochote. Sony zimefungwa: vikombe vyake ni vizima, havina tundu, na sauti hubaki ndani. Sennheiser ziko wazi: mgongo wa kila kikombe ni wavu wa chuma, na hewa hupita kama dirishani. Mtindo huo wa wazi kampuni hiyohiyo iliuleta sokoni mwaka wa 1968 kwa hedfoni zake za HD 414.

Uwazi huo ndio utamu wake na ndio taabu yake. Ukivaa HD 600 muziki hausikiki kana kwamba umefungiwa ndani ya fuvu, bali kama watu waliokaa mbele yako sebuleni. Lakini sebule yenyewe nayo inaingia. Jioni moja nilikuwa nikisikiliza bendi, nikamlaumu mpiga ngoma kwa kukosea mapigo, kumbe ni mke wangu jikoni anatwanga kitunguu saumu. Naye, kwa upande wake, alikuwa akiusikia wimbo wangu wote. Kwa hiyo, kama mnalala watoto watatu chumba kimoja, au mumeo hufanya kazi zamu ya usiku na kulala mchana, hedfoni za wazi hazitawaletea amani mliyoinunua.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe, maana hapo ndipo nilipokaa usiku mwingi. Ukitaka kuzilinganisha hedfoni, chagua nyimbo unazozijua kama njia ya kwenu, kisha hakikisha sauti ya jozi zote mbili iko sawa. Sikio la binadamu hudanganyika kirahisi. Kinacholia kwa nguvu kidogo zaidi huonekana kuwa bora, hata kama si bora. Wauzaji wanalijua hilo.

Nilianza na Sina Makosa ya Les Wanyika. Wimbo huo ni mtihani mzuri, kwa kuwa magitaa yamesukwa kama mkeka: solo la John Ngereza, ridhimu ya Omari Shabani aliyejulikana kama Profesa, na besi ya Tom Malanga. Kwenye Sony nilizisikia nyuzi zenyewe, hata ukucha ukigusa waya, na besi ikapiga kwa mkono mzito. Kwenye Sennheiser ridhimu, ambayo kwa kawaida mtu huisahau, ilijitokeza ikakaa mahali pake, na sauti ya mwimbaji ikawa ya mtu mwenye kifua na koo. Nilirudia mara nne, nikawapa Sennheiser.

Taarabu ikaniongezea imani hiyo. Udi wa Zein l'Abdin, yule bingwa wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 2016, unahitaji kifaa kisichoongeza chumvi. Sony zina ukali kidogo katika sauti nyembamba, kwa hiyo fidla na herufi ya “s” huweza kuchoma sikio baada ya saa moja. Rekodi za zamani sana ndizo huteseka zaidi. Zile za Siti binti Saad zilizofanyiwa Bombay kuanzia mwaka wa 1928 zina mikwaruzo ya sahani, na Sony huuleta kila mkwaruzo mbele kabla ya mwimbaji. Fundi wangu hakuona hilo kuwa ila. Kazi yake ni kutafuta makosa, na kifaa kinachoyaonyesha ndicho anachokitaka. Lakini mimi situmwi kutafuta makosa. Nasikiliza kwa raha.

Kwaya? Usiulize. Kwenye HD 600 unaweza kuhesabu sauti nne na kumjua anayechelewa.

Kisha binti yangu akaweka nyimbo zake. Huko mambo yaligeuka. Muziki wa vijana wa siku hizi, uwe rapu ama gengetone, husimama juu ya besi ya chini kabisa, ile inayosikika kwa tumbo zaidi ya sikio. HD 600 hupungukiwa huko chini. Besi ipo, ni safi, ila haina ule mshindo. “Baba, hizi ni za wazee,” alisema, akazivua kwa adabu na kurudia Sony. Sikuwa na jibu.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wameshalipa. Hedfoni hupimwa kwa omu, yaani ukinzani wake kwa umeme. Sony ni omu 63 na hulia kwa urahisi hata kwenye simu. Sennheiser ni omu 300. Ukiipa volti moja, ambayo kwa simu nyingi au kile kiunganishi kidogo cha waya ni karibu na mwisho wa uwezo, hutoa desibeli 97. Kwa nyimbo mpya zilizorekodiwa kwa nguvu hiyo yatosha, bali kwa rekodi ya zamani au ya polepole utajikuta umefikisha sauti mwisho na bado unataka zaidi. Dawa yake ni amplifaya ndogo ya mezani, na hiyo ni gharama nyingine. Mwalimu wa kwaya aliniazima na yake. Bila hiyo ningezihukumu hedfoni hizo kwa kosa lisilo lao.

Bei nayo haifichiki. Huko Marekani MDR-7506 huuzwa takriban dola 100, na HD 600 kati ya dola 300 na 400. Ongeza nauli, ushuru na faida ya muuzaji, utaona kwamba jozi moja ni ya mshahara wa kawaida na nyingine ni ya kamati ya harusi. Jihadhari pia na bandia, hasa za Sony, kwa sababu kinachopendwa ndicho kinachoigwa. Ukiona bei ya nusu, jiulize nusu nyingine imekwenda wapi.

Kwa uimara sina malalamiko makubwa. Ngozi laini ya mito ya Sony hupasuka na kumenyuka baada ya miaka michache, lakini mito mipya hupatikana na kuibadilisha si kazi. Waya wake uliojikunja kama chemchemi hautoki, ukikatika unahitaji fundi wa kulehemu. Waya wa HD 600 huchomolewa, na karibu kila sehemu yake ina spea. Zikiwa mpya, hata hivyo, hubana kichwa kama kofia ya kuazima.

Mzazi, kabla hujatoa pesa, fikiria na masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: kwa desibeli 83 mtu mzima abaki na saa 20, kwa 86 saa 10, kwa 89 saa 5 tu kwa juma zima. Hapa hedfoni zilizofungwa zina faida, kwa kuwa huzuia sehemu ya kelele za nje na mtu hana haja ya kushindana na injini ya basi. Lakini sababu hiyohiyo inazifanya ziwe hatari barabarani. Mtoto aliyezivaa akivuka njia hasikii honi.

Siku ya kurudisha vifaa ilipofika nilikuwa nimeamua HD 600. Nilimweleza binti yangu kuhusu udi, kwaya na magitaa ya Les Wanyika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Lakini Baba,” akasema, “hosteli tutakuwa wanne chumbani. Na hiyo amplifaya nitaibeba vipi?”

Ndipo nilipotambua kwamba kwa juma zima nilikuwa nikijinunulia mwenyewe zawadi kwa jina la mtoto. Tulinunua Sony. Akaja nazo likizo ya kwanza, vikombe vimekunjwa ndani ya mfuko wake, na akiwa amelala mimi huziazima. Ukali wa fidla bado unanichoma. Mkebe wa akiba nimeuanza upya, na safari hii nimeuandika jina langu.