Dakota Yenye Bawa la Catalina

Ndege iliyo juu ya kabati langu haikuwahi kutoka kiwanda chochote duniani. Kiwiliwili ni cha Douglas Dakota, bawa na injini ni vya ndege-boti Catalina, na maboya inayosimamia badala ya magurudumu yametoka kwenye ndege ya Kijerumani, Arado Ar 196. Nimeipaka rangi ya fedha na kuiandika VR-T, herufi za usajili wa ndege za Tanganyika enzi za Mwingereza. Mgeni asiyejua ndege huuliza ilikuwa ya shirika gani. Anayezijua huinama, akaichungulia kwa chini, kisha naye huuliza lile lile. Hapo roho yangu hutulia.

Kwa ambaye hajawahi kuiona kazi hii: modeli za plastiki huuzwa kwa seti, vipande vikiwa vimeshikamana kwenye fremu, unavikata na kuviunganisha kwa gundi. Ndege nyingi hutolewa kwa skeli ya 1/72. Sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za ndege halisi, hivyo Dakota, ambayo mabawa yake yana mita 29 ncha hadi ncha, inakaa kwenye meza kwa sentimita 40. Binadamu wa kimo cha kawaida hubaki na milimita 24. Watu wengi hufuata karatasi ya maelekezo mpaka mwisho, na hakuna ubaya. Sisi tunaoishi Dar es Salaam, ambako seti hutufikia ndani ya mabegi ya ndugu wanaorudi safari, tunajikuta na maboksi yasiyotimia. Catalina yangu ilifika kiwiliwili kimepinda kwa joto, bawa likiwa zima kabisa. Ningelitupa?

Kuchanganya vipande si kubandika chochote popote. Kabla sijashika kisu najiuliza kama mhandisi wa mwaka 1948, mwenye akili timamu na bajeti finyu, angeweza kuiunda ndege hiyo. Huo ndio mtihani, na bawa la Catalina liliufaulu vizuri ajabu. Ndege zote mbili ziliendeshwa na injini ya aina moja, Pratt & Whitney Twin Wasp ya nguvu za farasi 1,200. Baada ya vita zote mbili ziliuzwa kama mitumba. Bawa la Dakota lina mita za mraba 92 hivi, la Catalina 130, na Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi kuliko ya pwani. Ndege nzito inayotaka kunyanyuka majini kule inahitaji bawa kubwa. Sijalazimisha kitu.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, kwa hiyo ziwa halikuwa na mshindani. Na ndege za majini si ngeni kule. Mwaka 1916 Wabelgiji walikuwa na ndege za Short, walizopewa na Waingereza, upande wa magharibi wa ziwa, wakavuka nazo kuja kuipiga mabomu Kigoma iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege-boti za Imperial Airways zilikuwa zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Dakota yenyewe Wamarekani walishaijaribu juu ya maboya wakati wa vita, wakaiita XC-47C. Uongo wangu una ndugu wa kweli.

Tatizo lilikuwa mapangaboi. Injini za Catalina zimekaribiana sana, kwa sababu bawa lake limeinuliwa juu ya kiwiliwili kwa shingo nene na mapangaboi huzunguka juu ya paa. Ukililaza bawa hilo moja kwa moja kwenye mgongo wa Dakota, pangaboi litakata bati la paa mzunguko wa kwanza tu. Kuna waundaji wangeliacha hivyo, modeli haiwashwi. Mimi nisingelala. Nikaikata shingo kutoka kwenye kile kiwiliwili kilichopinda, nikaichonga chini kwa tupa mpaka ikalalia mviringo wa paa la Dakota bila kuacha mwanya wa kupitisha karatasi. Faida yake ni kwamba shingo ile ina madirisha madogo: ndani ya Catalina halisi ndimo alimokaa fundi wa injini wakati wa safari. Fundi wangu wa Kigoma naye amepata kiti.

Maboya ya Arado yalitoka kwenye seti ya skeli ya 1/48, na hapa wengi hushangaa. Kipande cha 1/48 ni kikubwa mara moja na nusu kuliko cha 1/72, kwa hiyo boya la ndege ndogo likageuka boya la ndege kubwa. Kinachofichua skeli ni milango, madirisha, vidato vya kupandia na ribiti. Boya halina dirisha. Nilisugua ribiti na vifuniko vyake kwa msasa wa maji, nikachora vipya vidogo kwa ncha ya sindano. Jambo la kuangalia kwa makini ni ngazi iliyo chini ya boya, ile inayokata mfyonzo wa maji ili ndege iachane na ziwa. Uzito wa ndege lazima ukae karibu nayo, mbele yake kidogo, la sivyo ndege haitainua pua.

Gundi ya plastiki haigandishi kwa kunata; huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Palipobaki ufa hutiwa pati, ile ile ya mafundi bodi wa magari, kisha msasa, kisha praima ya kijivu. Praima haina huruma. Plastiki nyeupe, ya kijani na ya bluu zikishakuwa kijivu, jicho linaona umbo peke yake, na kila kovu linajitokeza.

Njia hii ya kuchanganya vipande imelisha hata sinema. Waundaji wa vyombo vya Star Wars, filamu ya 1977, walinunua seti za vifaru na meli, wakabandika vipande vyake kwenye vyombo vya angani. Lakini kwa ndege za kubuni, mfano ninaoupenda ni wa kampuni ya Testors ya Marekani, ambayo mwaka 1986 iliuza modeli ya F-19, ndege ya siri iliyobuniwa tu, laini na ya mviringo. Watu waliiamini mno. Ndege halisi, F-117, ilipotangazwa Novemba 1988, ilikuwa imejaa pembe na bapa, haifanani nayo hata kidogo. Ile ya kubuni ilikuwa na mantiki kuliko ya kweli, na hilo mimi naliona sifa.

Baba mdogo, aliyefanya kazi bandarini Kigoma mpaka alipostaafu, aliizunguka ndege yangu mikono ikiwa nyuma.

"Dagaa wanaingilia wapi?"

"Mlango wa nyuma, baba. Dakota ina mlango mpana wa mizigo."

"Sawa. Na kamba mnafunga wapi? Upepo wa ziwa unaujua, au umeshakuwa wa pwani wewe?"

Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilifungua boksi la meli ya kivita niliyokuwa siijengi, nikang'oa vigingi vinne vya kufungia kamba, nikavibandika viwili mbele na viwili nyuma ya maboya. Alipokuja tena alivitafuta kwanza, akavihesabu, akasema cha mbele kushoto kimekaa ndani mno, kamba itasugua boya. Nimekisogeza.